Hong Kong, Uingereza na Soko la Pamoja la Ulaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mara watu wanapozungumzia namna Uingereza ilivyoingia katika Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya huku bado ikitawala Hong Kong. Yamepangwa kuanzia ya msingi. Anayejua historia ya koloni hilo anaweza kuruka hadi swali la 7.

## Mambo ya msingi

1. Mvutano wenyewe ulihusu nini?

Kati ya 1961 na 1973 Uingereza ilijaribu mara tatu kujiunga na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, ambayo wakati huo wengi waliiita Soko la Pamoja. Wanachama walikuwa sita: Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Kila aliyejiunga alitakiwa kutoza bidhaa za nje ushuru uleule wanaotoza wenzake.

Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Hong Kong ilikuwa koloni la Uingereza, na bidhaa zake nyingi ziliingia Uingereza bila ushuru au kwa ushuru mdogo. Kama London ingeingia Sokoni bila kupata makubaliano maalumu, ingelazimika kulitoza ushuru koloni lake yenyewe, na wakati huohuo kuwafungulia mlango Wajerumani na Waitalia wanaotengeneza bidhaa zilezile. Serikali ilikuwa imevaa kofia mbili: ya mwombaji huko Brussels, na ya mtawala aliyeapa kulinda masilahi ya watu wasio na kura katika Bunge lake.

2. Upendeleo huo wa ushuru ulitoka wapi?

Ulitoka kwenye mkutano wa Ottawa wa 1932, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, pale Uingereza na nchi za himaya yake zilipokubaliana kupendeleana katika ushuru. Hong Kong ilifaidika ingawa haikuwa na mengi ya kurudisha (swali la 4 linaeleza kwa nini).

Upendeleo haukuwa wa bure kabisa. Mwenye kiwanda alipaswa kuonyesha kwa cheti kwamba sehemu fulani ya thamani ya bidhaa yake imetokana na kazi au malighafi ya ndani ya Jumuiya ya Madola. Maofisa wa biashara wa Hong Kong walitumia muda mwingi kukagua vyeti hivyo, kwa sababu wapinzani wao Uingereza walikuwa wakidai kila mara kwamba bidhaa za China bara au Japani zinapitishwa mlango wa nyuma.

3. Koloni dogo hivyo lilipataje viwanda vingi?

Kabla ya 1950 Hong Kong iliishi kwa bandari: bidhaa zilishuka hapo na kupanda tena kuelekea China au kutoka huko. Baada ya Wakomunisti kushika madaraka mwaka 1949, na Umoja wa Mataifa kuiwekea China vikwazo vya biashara mwaka 1951 kwa sababu ya vita vya Korea, biashara hiyo ilikauka. Wakati huohuo wenye viwanda vya kusokota pamba wa Shanghai walikuwa wamehamia Hong Kong na mitaji yao, wengine hata na mashine zilizokuwa bado njiani kutoka kwa watengenezaji. Wakimbizi walijaa, na kazi ilitafutwa kwa udi na uvumba.

Ndani ya miaka kama kumi koloni likawa linauza nguo, viatu, maua ya plastiki na vitu vya kuchezea dunia nzima. Soko lake halikuwa ndani, kwa kuwa watu wake walikuwa wachache na wengi wao maskini. Kila badiliko la ushuru katika nchi ya mbali lilisikika kwenye karakana za Kowloon, sehemu ya Hong Kong.

4. Kwa nini Hong Kong haikujadiliana yenyewe?

Kisheria, mambo ya nje yalikuwa mikononi mwa London. Katika GATT, mkataba mkuu wa ushuru na biashara, Hong Kong ilikuwamo kupitia Uingereza tu.

Kulikuwa na kikwazo kingine ambacho husahauliwa. Majadiliano ya biashara ni ya nipe nikupe: wewe unapunguza ushuru wako, nami napunguza wangu. Hong Kong ilikuwa bandari huru. Haikutoza ushuru ila kwa vitu vichache kama pombe, tumbaku na mafuta. Ilifika mezani mikono mitupu, si kwa sababu ilikuwa bahili bali kwa sababu ilikuwa imeshatoa kila kitu. John Cowperthwaite, Katibu wa Fedha kuanzia 1961 hadi 1971, hakuwa tayari kuweka ushuru ili tu apate kitu cha kuachia baadaye. Kwa maoni yangu alikuwa sahihi kiuchumi, ila msimamo huo uliwaacha wajumbe wake bila silaha.

## Pamba na Lancashire

5. Lancashire inaingiaje kwenye habari hii?

Inaingia kabla ya Ulaya. Eneo hilo la kaskazini-magharibi mwa Uingereza ndilo lililokuwa makao ya viwanda vya pamba, na katika miaka ya 1950 viwanda vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine. Nguo za bei nafuu kutoka Hong Kong, India na Pakistani ziliingia bila ushuru. Wabunge wa majimbo ya huko, mengi yakiwa ya ushindani mkali, walipiga kelele.

Serikali haikutaka kuonekana inaweka vizuizi dhidi ya koloni lake na nchi za Jumuiya ya Madola, kwa hiyo iliwaachia wenye viwanda wazungumze wao kwa wao. Matokeo yakawa ahadi ya “hiari”: kuanzia Februari 1959 wenye viwanda wa Hong Kong walikubali kikomo cha nguo za pamba wanazouza Uingereza kwa miaka mitatu. India na Pakistani nazo zilikubali vikomo vyao. Hiari hiyo iweke ndani ya mabano: kila upande ulijua kwamba anayekataa angewekewa sheria.

Makubaliano haya yalikuwa na madhara makubwa kuliko yalivyoonekana. Yalipeleka ujumbe kwamba hata Uingereza, mlezi wa Hong Kong, imekubali kuwa nguo za koloni hilo ni tishio. Marekani na nchi za Ulaya ziliona. Yakafuata mapatano ya muda mfupi ya pamba ya 1961, kisha ya muda mrefu ya 1962 chini ya GATT, na kuanzia 1 Januari 1974 yale ya nyuzi za aina zote yanayojulikana kwa kifupi MFA.

6. Kwota ziliwaumiza wenye viwanda wa Hong Kong?

Kwota, yaani vikomo hivyo vya mauzo, ziliwaumiza wengine na kuwatajirisha wengine. Serikali ya Hong Kong iligawa kwota kwa kampuni kulingana na kiasi zilichouza miaka iliyotangulia, na kampuni iliweza kumhamishia nyingine kwota yake. Kwa hiyo mkongwe aliyekuwa na kwota kubwa alikuwa na mali hata kama mashine zake zimesimama. Kijana aliyeanzisha karakana mpya alilazimika kumlipa ndipo auze.

Kwa kuwa kikomo kilihesabu wingi, si thamani, ilikuwa na maana kushona shati la bei ya juu badala ya la bei ya chini. Na kwa kuwa mapatano ya 1962 yalihusu pamba tu, wengi walihamia nyuzi za kutengenezwa kiwandani na sufu. Ndiyo maana MFA ilipanuliwa kushika hizo pia.

## Majadiliano na Ulaya

7. Katika ombi la kwanza, la 1961 hadi 1963, Hong Kong iliwekwa wapi?

Waziri Mkuu Harold Macmillan alitangaza nia ya kuomba tarehe 31 Julai 1961, na waziri wake Edward Heath akapewa kazi ya kujadiliana. Katika maelezo yake ya ufunguzi mjini Paris, tarehe 10 Oktoba 1961, Heath alipanga nchi za Jumuiya ya Madola katika mafungu. Makoloni mengi yangeweza kuingizwa katika ushirika, yaani mpango ambao Mkataba wa Roma, ulioanzisha Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, uliwapa makoloni ya Ufaransa na Ubelgiji: bidhaa zao ziliingia kwa wale wanachama sita (“Sita”) kwa masharti nafuu. Nchi za Asia zenye viwanda zilikuwa fungu gumu zaidi.

Hong Kong ilikuwa ngumu kuliko zote. Kwa cheo ilikuwa koloni, kwa hiyo kimantiki ilistahili ushirika sawa na makoloni mengine. Kwa uchumi ilikuwa mshindani wa viwanda vya Ufaransa na Italia. Sita hawakutaka kusikia habari ya ushirika kwa Hong Kong, na Waingereza walijua tangu mapema kwamba hawataupata. Swali likawa wanaweza kupata nini badala yake, na je, waombe kwa nguvu kiasi gani bila kuharibu mengine.

8. Kwa nini makoloni ya Afrika yalifunguliwa mlango, Hong Kong ikafungiwa?

Afrika iliuza kahawa, kakao, katani na karanga. Ulaya haikulima vitu hivyo kwa wingi, na aliyepata hasara kutokana na upendeleo alikuwa mkulima mwingine wa nchi za joto, si mfanyakazi wa viwanda vya nguo vya Lille (Ufaransa) au Prato (Italia). Shati la Hong Kong lilimgusa mpiga kura wa Ulaya moja kwa moja.

Jambo la kushangaza ni kwamba walioalikwa walisita, na aliyetaka kuingia hakualikwa. Kwenye mkutano wa viongozi wa Jumuiya ya Madola mjini London mwezi Septemba 1962, Ghana, Nigeria na Tanganyika zilikataa ushirika, zikiona unazifunga kwenye uuzaji wa malighafi. Baadaye Kenya, Uganda na Tanzania zilifanya mapatano yao wenyewe na Jumuiya ya Ulaya, yaliyosainiwa Arusha mwaka 1969 na kuanza kutumika 1971. Hong Kong haikuwa na uwezo wa kukataa wala kukubali. Nchi huru iliweza kuondoka mezani. Koloni halikuwa mezani.

9. Je, ni kweli kwamba de Gaulle aliikataa Uingereza kwa sababu ya makoloni?

Hapana. Katika mkutano wake na waandishi wa habari wa 14 Januari 1963 alitaja uhusiano wa Uingereza na bahari na nchi za mbali, lakini wasiwasi wake mkubwa ulikuwa wa kisiasa, hasa ukaribu wa London na Washington. Hong Kong haikuamua lolote hapo. Ila kukataliwa huko kuliipa Hong Kong miaka kumi zaidi ya upendeleo wa Ottawa, na iliitumia vizuri.

10. Pauni ya Uingereza inahusikaje?

Inahusika zaidi ya inavyodhaniwa. Hong Kong iliweka akiba yake karibu yote London, kwa pauni. Ombi la pili la Uingereza, la Mei 1967 chini ya Waziri Mkuu Harold Wilson, lilifika wakati pauni imedhoofika. Tarehe 18 Novemba 1967 thamani yake ilishushwa kutoka dola 2.80 hadi 2.40, na akiba ya koloni ikapoteza thamani usiku mmoja, mwaka uleule ambao mitaa ya Hong Kong ilikuwa imekumbwa na ghasia. De Gaulle akakataa tena mwezi huohuo.

Hapo koloni liligundua kwamba lina kitu ambacho London inakiogopa. Kama lingehamisha akiba yake kwenye dola za Marekani, pauni ingezidi kuyumba. Mwaka 1968 Uingereza ilikubali kuihakikishia Hong Kong thamani ya sehemu kubwa ya akiba hiyo kwa kipimo cha dola, kisha ikatoa uhakika wa namna hiyo kwa nchi nyingine zinazotumia pauni. Kwenye nguo Hong Kong ilibembeleza. Kwenye fedha ilisikilizwa. Anayesoma habari za ushuru peke yake hapati picha hii.

11. Katika majadiliano ya mwisho, 1970 hadi 1972, kila mmoja alipata nini?

Majadiliano yalifunguliwa 30 Juni 1970 na mkataba ukasainiwa 22 Januari 1972. New Zealand ilipata itifaki yake kuhusu siagi na jibini. Wakulima wa miwa wa Jumuiya ya Madola walipata ahadi kwamba mkataba wao wa sukari ungeheshimiwa hadi mwisho wa 1974, na baada ya hapo nchi zao zingeshughulikiwa. Ahadi hiyo ndiyo iliyowapeleka kwenye Mkataba wa Lomé wa 1975, kati ya Jumuiya ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki. Makoloni mengi madogo yaliingizwa kwenye orodha ya ushirika.

Hong Kong haikuwekwa kwenye orodha hiyo, na haikupata itifaki. Ilipata kuingizwa katika mpango mwingine ambao haukuwa wa Uingereza kuutoa (swali la 12).

Tofauti na New Zealand inafundisha kitu. Waingereza wengi walikuwa na ndugu New Zealand, walikula siagi yake, na magazeti yaliiandika kwa huruma. Serikali ya Wellington ilituma mawaziri wake Ulaya kujitetea. Hong Kong ilitetewa na maofisa, kwa barua na kumbukumbu za ndani, na hakuna mbunge wa Uingereza aliyehofia kupoteza kiti kwa ajili yake. Wengine walihofia kupoteza kiti kwa kuitetea.

12. Mpango wa upendeleo wa jumla ulikuwa nini, na Hong Kong iliingiaje?

Ni mpango uliotokana na mkutano wa UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, uliofanyika New Delhi mwaka 1968: nchi tajiri ziondoe au zipunguze ushuru kwa bidhaa za viwandani za nchi zinazoendelea bila kudai malipo. Jumuiya ya Ulaya ilianza wake 1 Julai 1971, Uingereza ikafuata Januari 1972.

Je, Hong Kong ni nchi inayoendelea? Kwa kipato ilikuwa imeshawapita wengi, na si nchi. London ilishikilia kwamba isitengwe, na Jumuiya ikakubali kuiingiza ila bila nguo na bila viatu. Yaani mlango ulifunguliwa, vitu viwili ilivyovitengeneza kwa wingi vikaachwa nje. Hata hivyo vitu vya kuchezea, vifaa vya umeme na bidhaa za plastiki zilifaidika, na biashara hizo zilikuwa zinakua.

## Baada ya 1 Januari 1973

13. Je, upendeleo wa zamani uliisha siku Uingereza ilipojiunga?

La. Uingereza ilisogea kuelekea ushuru wa pamoja kwa hatua, kuanzia 1974 hadi Julai 1977. Kwa nguo za pamba mambo yalikuwa yamekwisha badilika: tangu Januari 1972, kabla ya kujiunga, Uingereza ilianza kutoza ushuru nguo za pamba kutoka Jumuiya ya Madola, na kwota, ambazo zilitarajiwa kuondolewa, zikabaki. Hong Kong ikabeba vyote viwili.

14. Katika MFA, Uingereza ilikuwa upande gani?

Pande zote mbili, na hapa ndipo mambo yalipokuwa ya ajabu zaidi. Baada ya 1973 biashara ya nje ya Jumuiya ilijadiliwa na Tume ya Ulaya kwa niaba ya wanachama wote, Uingereza ikiwemo. Upande wa pili wa meza walikaa maofisa wa Hong Kong, ambao kisheria bado walikuwa chini ya Malkia yuleyule na ambao mapatano yao yalisainiwa kwa jina la Uingereza kwa niaba ya Hong Kong.

MFA ilipokuja kuongezwa muda mwaka 1977, Jumuiya ilitaka kuwapunguzia wauzaji wakubwa kwota zao, Hong Kong wakiwa mbele. Uingereza, ikisukumwa na viwanda vyake na ukosefu wa ajira, ilikuwa miongoni mwa wanachama waliotaka masharti makali. Kwa hiyo serikali moja ilikuwa inamtetea muuzaji na kumbana kwa wakati mmoja. Maofisa wa Hong Kong walijadiliana kwa ukali, wakapoteza sehemu, na wakarudi nyumbani wakijua kwamba hawana wakili.

15. Je, Uingereza iliisaliti Hong Kong?

Wengi Hong Kong waliona hivyo, na wana hoja: ahadi ya 1959, nyongeza ya ushuru ya asilimia 15 ambayo serikali ya Wilson iliweka ghafla Oktoba 1964 kwa bidhaa za viwandani bila kuzisamehe za Jumuiya ya Madola, kuachwa nje ya ushirika, na msimamo wa 1977.

Sidhani neno hilo linatosha. Kumbukumbu za majadiliano zinaonyesha Wizara ya Makoloni, na baadaye Wizara ya Mambo ya Nje, ikiendelea kuisemea Hong Kong. Ila iliisemea mpaka pale gharama ilipoanza kuangukia ombi la Uingereza lenyewe, kisha ikanyamaza. Nafikiri tatizo lilikuwa la muundo kuliko la nia: huwezi kumtuma mtu akuombee kwenye baraza ambalo yeye mwenyewe anaomba kiti. Hong Kong ililielewa hilo mapema kuliko London. Tangu miaka ya 1960 ilikuwa na maofisa wake Brussels na Geneva, na mwaka 1966 ilianzisha Baraza la Maendeleo ya Biashara ili ijitangaze bila kupitia balozi za Uingereza.

16. Ilianza lini kusema kwa jina lake?

Kivitendo, tangu majadiliano ya nguo ya miaka ya 1960 na 1970. Kisheria, tarehe 23 Aprili 1986, ilipokuwa mwanachama wa GATT peke yake, baada ya Uingereza na China kukubaliana mwaka 1984 kuhusu kurudishwa kwake kwa China. Hatua hiyo ilitoka kwa mtawala anayeondoka, na ilikuwa moja ya zilizodumu.

## Maswali ya pembeni

17. Na Gibraltar? Si nayo ilikuwa koloni?

Gibraltar iko Ulaya, kwa hiyo iliingia Jumuiya pamoja na Uingereza kwa kifungu cha maeneo ya Ulaya ambayo mwanachama anayasimamia kwa mambo ya nje, ila ikabaki nje ya umoja wa forodha. Haikuwa na viwanda vya kumtisha mtu.

18. Je, baada ya 1972 Hong Kong bado ilikuwa koloni?

Kwa sheria ya Uingereza, ndiyo. Katika Umoja wa Mataifa, hapana: China iliomba Hong Kong na Macau ziondolewe kwenye orodha ya makoloni, na Baraza Kuu likaziondoa Novemba 1972. Maana yake ni kwamba njia ya uhuru, ambayo iliyapa makoloni mengine sauti yao ya kibiashara, ilifungwa rasmi kwa Hong Kong wiki chache kabla Uingereza haijaingia Sokoni.

19. Kwota za nguo ziliisha lini?

MFA ilifuatwa na mkataba wa mpito chini ya Shirika la Biashara Duniani ulioanza 1995, na kwota zikafutwa 1 Januari 2005. Wakati huo Hong Kong ilikuwa chini ya China, lakini bado eneo lake la forodha na kiti chake katika shirika hilo vilikuwa tofauti na vya Beijing. Viwanda vingi vya kushona vilikuwa vimehamia ng'ambo ya mpaka, Guangdong, na baadhi ya familia zilizopewa kwota miaka ya mwanzo zilikuwa zikiishi kwa kuzikodisha hadi siku ya mwisho.